Mikroni saba: mgodi uliokaa miaka 40 ukisubiri kinu

Mchimbaji mdogo akirudi na karatasi ya maabara, machimbo yote yanamuuliza swali moja: jiwe limesoma ngapi, yaani lina mali kiasi gani? Likiwa limesoma vizuri, mbuzi anachinjwa. Likiwa limesoma vibaya, watu wanakunja maturubai wanahama. Nimekaa miaka kadhaa jirani na makarasha (mashine za kuponda mawe) na bolimili (mapipa ya kuyasaga) za Kanda ya Ziwa, na sikumbuki kumsikia mtu akiuliza swali la pili, ambalo ndilo linaloamua kama hiyo mali utaila au utaishia kuitazama: imekaaje humo ndani ya jiwe? Iko kwa punje unazoweza kuziona juani, au imetawanyika kama vumbi?

Kisa cha leo si cha dhahabu wala si cha kwetu. Ni cha zinki, risasi na fedha, huko McArthur River, kaskazini mwa Australia. Nimekichagua kwa sababu sijaona kingine kinacholiweka swali hilo la pili mezani bila kificho namna hii. Mali ilijulikana ipo, wingi wake ulijulikana, mwenyewe alijulikana na hela alikuwa nazo. Kilichokosekana ni kinu.

Chansi yenyewe

Mwaka 1955 wanajiolojia wa Mount Isa Mines, kampuni ambayo tayari ilikuwa inachimba risasi, zinki na shaba kule Queensland, walikuta mwamba karibu na mto McArthur, katika jimbo la Northern Territory, upande wa Borroloola. Hicho ni kimji kidogo kilicho mbali na kila kitu. Darwin iko kilomita mia saba hivi kaskazini-magharibi. Mwamba ukapewa jina la HYC, kifupi cha Here's Your Chance, ambalo kwa lugha ya machimboni ningelitafsiri "chansi yako ndiyo hiyo".

Na kweli ilikuwa chansi. Mbale, yaani mawe yenye madini, zaidi ya tani milioni 200, zinki asilimia 9 hivi, risasi kama asilimia 4, fedha gramu 40 hivi kwa kila tani. Chukua tani moja tu, mzigo wa pikapu: ndani yake mna kilo 90 za zinki, kilo 40 za risasi, na fedha ya kumtosha sonara kutengeneza pete kadhaa. Kuna migodi mingi ya zinki duniani inayoishi miaka na miaka kwa mawe maskini kuliko hayo.

Mgodi ulifunguliwa mwaka 1995.

Hapo katikati pana miaka 40. Umbali ulichangia, bei za madini zilichangia, na mto wenyewe unaojaa wakati wa masika haukusaidia. Lakini hayo yote kampuni ya ukubwa ule huwa inayapigia hesabu na kuyavuka. Kilichowashinda kilikuwa maabara. Mawe yalipelekwa kujaribiwa, yakapelekwa tena, kizazi cha wataalamu kikastaafu kikaja kingine, na jibu likawa lilelile: kwa mtambo wa kawaida, mawe haya hayatoi makinikia yanayouzika. (Makinikia ni unga wa madini uliokwisha kuondolewa mchanga mtupu, tayari kwa tanuru. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa, tangu zile kontena 277 za bandari ya Dar es Salaam mwaka 2017, hata muuza mitumba analijua.)

Bizari ndani ya pilau

Mtu akikuletea sahani ya pilau akakuambia umtolee zabibu, utazitoa kwa vidole, dakika tano umemaliza. Akikuambia umtolee bizari iliyosagwa, utamwangalia mara mbili. Bizari ipo, unaisikia kwa harufu, na pengine kwa uzito inazidi zabibu. Lakini huwezi kuishika.

Mwamba wa HYC ni pilau la namna hiyo. Ulijengeka miaka milioni 1,640 hivi iliyopita, kwenye sakafu ya maji yaliyotulia, ndani ya tope jeusi lenye kaboni nyingi. Maji ya moto yaliyobeba metali yakaingia kwenye tope lile, na sulfidi zikaganda humo humo kwa punje ndogo kupita kiasi: sfaleriti, ambayo ndiyo sulfidi ya zinki, galena, sulfidi ya risasi, na pairaiti, ile sulfidi ya chuma inayong'aa njano na kuwadanganya wageni wa machimbo. Tabaka juu ya tabaka, nyingine nyembamba kama karatasi. Fedha nayo ipo humo, imejificha ndani ya wenzake.

Halafu, na hili ndilo la muhimu, mwamba ule haukupikwa. Broken Hill, kule New South Wales, ni mwamba wenye umri unaokaribiana na huo, nao ni wa risasi, fedha na zinki, na nao unadhaniwa na wengi kuwa ulianza kama tope la baharini. Tofauti ni kwamba Broken Hill ulididimizwa chini sana ardhini, ukabanwa na kuchemshwa, na katika kuchemka kule kristali ndogo zikamezwa na kubwa, kubwa zikanenepa. Ukivunja jiwe la pale unaona galena inameta kwa vipande unavyoweza kuvishika. Charles Rasp, mfanyakazi wa shamba la kondoo aliyekuwa akizunguka kukagua mipaka, aliokota mawe yake mwaka 1883, na haikupita miaka mingi watu wakawa matajiri. Hao nao walipata taabu yao: zinki iliwagomea wasiweze kuitenga na risasi, ikarundikana kwenye visusu, yaani mabaki ya mtambo, milima kwa milima, mpaka njia ya kuelesha madini kwa povu ilipokomazwa palepale Broken Hill mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini taabu ile ilikuwa ya kutenga. Ya kusaga hawakuwa nayo. Mungu alishawasagia, au tuseme aliwapikia.

Wa McArthur River walipewa mali mbichi.

Ukikata jiwe lake, ukalisugua likang'aa na kuliweka chini ya hadubini, unaona kwa nini maabara zilikata tamaa. Punje ya sfaleriti haiko peke yake. Ndani yake mna vitone vya galena. Pembeni imekumbatiwa na silika, yaani mchanga mtupu. Baina yao pairaiti imejinyunyiza kama chumvi. Ukubwa wa vitu hivi unahesabiwa kwa mikroni chache, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni kama 70. Chembe nyekundu ya damu ina mikroni 7 au 8. Hesabu za usagaji wa mwamba huu zilikuja kuangukia hapo hapo: ili makinikia yakubalike sokoni, asilimia 80 ya mzigo ilitakiwa isagwe ipite kwenye mikroni 7. Unga wa sembe, ukilinganisha na huo, ni kokoto.

Karasha si tatizo

Kuponda nitakupitia haraka kwa sababu hapakuwa na fumbo. Jiwe linatoka mgodini kwa baruti, linaingia kwenye karasha, linavunjwa hadi kufikia ukubwa wa ngumi au pungufu, linaingia kwenye kinu kikubwa kinachozunguka ambamo mawe yenyewe na mipira ya chuma vinagongana ndani ya maji, na kinachotoka ni uji wa kijivu wenye punje za makumi machache ya mikroni. Huo uji unatiwa dawa na kupulizwa hewa, na punje zenye sulfidi zinang'ang'ania mapovu na kupanda juu wakati mchanga mtupu unabaki chini. Karibu kila mgodi wa zinki na risasi duniani unaenda hivyo.

Kwa mawe ya HYC, povu la kwanza lilikuwa linabeba sulfidi zake vizuri tu. Shida ni kwamba kila punje iliyopanda ilipanda na mgeni mgongoni. Silika iliyoshikana na sfaleriti haina namna ya kubaki chini. Inabebwa kama mtoto aliyefungwa kwa kanga. Na mwenye tanuru la kuyeyusha zinki hataki silika. Inamlia moto, inamjazia taka, na ikizidi kiwango anakurudishia mzigo wako.

Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni: sasa si usage zaidi? Walisaga zaidi. Na hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu "kusaga zaidi" ni maneno mawili tu mdomoni, ila kwenye mtambo ni ukuta.

Ukuta wa kwanza ni umeme. Bolimili inafanya kazi kwa kuanguka. Pipa linazunguka, linapandisha mipira, mipira inaanguka, na jiwe lililokaa katikati ya mpira na mpira linavunjika. Punje ikiwa kubwa, bahati ya kubanwa ni kubwa. Kadiri inavyopungua inakuwa kama sisimizi kwenye uwanja wa mpira wa miguu: buti zinapita, yeye anasalimika. Unaendelea kulipia umeme wa kupandisha tani na tani za chuma, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaishia kwenye joto na kelele.

Tazama hesabu ya mipira yenyewe. Mpira mmoja wa milimita 20 una uzito sawa na vimpira 1000 vya milimita 2 vya chuma kilekile. Lakini ukijumlisha ngozi ya nje ya hivyo 1000, inazidi ya ule mkubwa mara kumi. Kwenye kusaga vumbi, ngozi ndiyo inayofanya kazi; ni sehemu za kukutania. Kwa hiyo unataka vimpira vidogo. Sasa vitie vimpira vya milimita 2 kwenye pipa linalozunguka uone: vinaanguka kama mvua ya manyunyu, havina uzito wa kuvunja chochote. Kinu cha kuangusha kinataka mipira mizito, mipira mizito haifikii vumbi. Kimefungwa pande zote mbili.

Ukuta wa pili unaonekana kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye mtambo wa povu tu, na wachimbaji wadogo wanaukosa kwa sababu wengi wetu tulizoea zebaki na mwalo, ule mteremko wa kuoshea dhahabu kwa maji. Mipira ya chuma inaliwa. Chuma kinachomomonyoka kinaingia kwenye uji, kinapata kutu, kutu inapaka punje. Dawa ya povu inafanya kazi kwa kugusa uso wa madini; uso ukishapakwa, dawa haigusi, na galena safi kabisa inabaki chini na mchanga. Walipokuwa wakisaga kwa chuma hadi punje ndogo sana, walikuwa wanaifungua mali kwa mkono wa kulia na kuipaka matope kwa wa kushoto.

Na kulikuwa na ukuta wa tatu, ambao ulikuwa wa kichwani. Vitabu vingi vya uchenjuaji, yaani kazi ya kutoa madini kwenye mawe, vilishasema kwamba punje za chini ya mikroni 10 hazieleki, ni utelezi tu, zitupe. Kwetu nako mafundi wa mwalo wana imani ya aina hiyo, kwamba ukisaga kupita kiasi unaiua dhahabu, na kwa mwalo wako sahihi, maji yanaibeba. Lakini kwenye povu mambo ni mengine. Wataalamu wa Mount Isa walikuja kuonyesha kwamba punje hizo zinaelea, mradi nyuso zake ni safi na hazikuchanganywa na punje kubwa zinazotaka dozi nyingine ya dawa. Kilichokuwa kinaua kuelea hakikuwa udogo pekee, kilikuwa pia uchafu na mchanganyiko.

Kinu cha rangi

Mount Isa wenyewe walikuwa na sababu ya kuhangaika hata bila McArthur River. Mawe ya mgodi wao wa nyumbani yalikuwa yanazidi kuwa ya punje ndogo kadiri walivyoendelea kuchimba, na zinki waliyokuwa wanaikamata ilikuwa inapungua. Walijaribu bolimili ndefu, walijaribu vinu vya mnara vyenye parafujo katikati. Umeme ukawashinda, au chuma.

Kilichowatoa kilikuwa nje ya uchimbaji. Watengenezaji wa rangi, wino na dawa za hospitali walikuwa wanasaga vitu hadi mikroni chache kila siku, bila makelele. Kiwanda cha Netzsch cha Ujerumani kilikuwa kinawauzia vinu vidogo vilivyolala, ambamo pipa halizunguki kabisa. Ndani kuna mhimili wenye visahani, unaozunguka kwa kasi, unakoroga shanga ndogo ndogo pamoja na uji. Hakuna kinachoanguka. Shanga zinasuguana kama viganja viwili, na punje iliyo katikati inachunwa ngozi mpaka inaisha. Bibi aliyesaga mtama juu ya jiwe kwa jiwe asingeshangaa hata kidogo: kinu na mchi ni kwa ajili ya kutwanga, ukitaka laini unasugua.

Wazo la kuchukua kinu cha rangi na kukipeleka mgodini lilisukumwa sana na Bill Johnson, mtaalamu wa uchenjuaji wa Mount Isa, na majaribio yakashika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ila kati ya wazo na mtambo palikuwa na kazi ya kutoa jasho. Mtengeneza rangi anasaga ndoo kadhaa za bidhaa ya bei mbaya. Anaweza kununua shanga za kioo au za zirkoni na akafumbia macho gharama. Mgodi unasaga tani juu ya tani kila saa, usiku na mchana, na bidhaa yake ni mawe. Visahani vililika. Na kubwa kuliko yote, vinu vile vilizuia shanga zisitoke kwa kutumia chujio, na chujio lenye matundu madogo kwenye uji wa madini linaziba asubuhi na kutoboka jioni.

Ufumbuzi wao nauona ndio ufundi halisi wa kisa hiki. Waliondoa chujio. Mwishoni mwa mhimili wakaweka rota inayozunguka pamoja na visahani na kuusukuma uji urudi nyuma kwa nguvu. Shanga, kwa kuwa nzito na kubwa, zinatupwa nje kwenye ukuta na kurudishwa ndani. Punje laini zinaponyoka katikati na kutoka. Hakuna tundu la kuziba. Ukikishika kifuniko cha kinu kile kikiwa kazini huhisi mipira ikigonga, unahisi mtetemo wa chini chini tu, kama wa jenereta iliyofungwa vizuri.

Na shanga za bei? Nazo wakaziacha. Mount Isa walitumia taka ya tanuru la risasi iliyogandishwa kuwa chenga. McArthur River walichekecha jiwe lao wenyewe, wakachukua chenga za ukubwa unaofaa na kuzirudisha kinuni zisage wenzake, baadaye wakatumia mchanga. Chuma hakikuwemo, kutu haikuwemo, uso wa madini ukabaki msafi. Ukuta wa kwanza na wa pili uliangushwa kwa pigo moja. Shanga maalumu za kauri zilikuja baadaye, miaka ya 2000.

Kinu kikaitwa IsaMill. Cha kwanza cha ukubwa kamili kilifungwa Mount Isa mwaka 1994, na mwaka uliofuata mgodi wa McArthur River ukafunguliwa ukiwa na vinne, kisha wakaongeza vingine. Kimoja kina ujazo wa lita 3000, yaani simtanki tatu za lita elfu moja moja, na ujazo huo mdogo unakorogwa na mota ya megawati 1.1. Kingo za visahani zinakwenda mita 21 hadi 23 kwa sekunde. Kwa saa hiyo ni kilomita 80 hivi, mwendo wa basi la mkoani likiwa limejiheshimu. Bolimili inaingiza takriban kilowati 20 katika kila mita ya ujazo wake. Hiki kinaingiza karibu 300. Ndiyo maana uji haukai humo zaidi ya dakika moja na nusu hivi.

Walichoamua kutokitenganisha

Simulizi nyingi za IsaMill huishia hapo, mashine imefika, makofi. Mimi naona uamuzi mkubwa zaidi wa McArthur River haukuwa wa mashine.

Kumbuka vile vitone vya galena ndani ya sfaleriti. Hata kwa mikroni 7, vingi bado vimo ndani. Ukitaka kupata makinikia safi ya zinki na makinikia safi ya risasi, kila moja kwa bei yake nzuri, ungelazimika kusaga chini zaidi ya hapo, na hesabu ingekufa. Basi wakajiuliza: kwani nani amesema lazima tuzitenganishe hapa? Wakaamua kukata undugu mmoja tu, ule wa sulfidi na silika. Zinki na risasi wakaziacha zibaki zimekumbatiana, wakauza makinikia ya mchanganyiko. Kwa lugha ya pilau: toa mawe, bizari na mdalasini waache wakae pamoja.

Hili liliwezekana kwa sababu duniani kulikuwa na tanuru linalokula vyote viwili kwa pamoja, lililobuniwa na Waingereza wa Imperial Smelting. Ndani yake zinki inageuka mvuke, mvuke unanaswa kwa kurushiwa matone ya risasi iliyoyeyuka, na risasi ya mzigo yenyewe inatiririka chini ikiwa imebeba fedha. Afrika tulikuwa nalo moja: Kabwe, Zambia, mji ambao wakoloni waliuita Broken Hill kwa kuufananisha na ule wa Australia, uliwasha tanuru la aina hiyo mwaka 1962. Mount Isa wao walikuwa na ya kwao Ulaya, Avonmouth na Duisburg. Mgodi, kinu na tanuru vilipangwa kama mnyororo mmoja.

Mnyororo ule ulikuwa na udhaifu wake. Matanuru ya aina hiyo hayakuwa mengi, na unapouza bidhaa ambayo wanaoweza kuinunua ni wachache, wao ndio wanaokupangia bei. Kabwe ulikuwa umeshafungwa mwaka 1994, mwaka mmoja kabla McArthur River haujaanza. Avonmouth ukafungwa 2003. Duisburg nao haukukaa sana. Kwa hiyo mgodi uliojengwa juu ya makinikia ya mchanganyiko ulijikuta, miaka michache tu baada ya kuzaliwa, ukiangalia wateja wake wakizima moto mmoja baada ya mwingine, na baadaye ukalazimika kurudi kwenye suala la kutoa makinikia ya zinki pekee.

Je, uamuzi ulikuwa mbaya? Sidhani. Bila huo mgodi usingefunguliwa 1995, na mali ingeendelea kulala. Ila unapoufundisha uchenjuaji ukaishia kwenye povu, bila kumtaja mwenye tanuru, unamfundisha mtu nusu ya hesabu. Kwetu nasi, reli ya Kaliua hadi Mpanda ilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, mzigo uliolengwa ulikuwa risasi ya Mpanda. Reli ipo hadi leo inabeba abiria na mazao, mgodi ule haupo.

Jiwe lilelile, upande wa pili

Kuna hesabu moja ya mwisho. Chukua kipande cha jiwe cha sentimita moja kila upande, ukubwa wa dadu. Ngozi yake yote ya nje ni sentimita 6 za mraba. Kikate kiwe vidadu vya mikroni 7: utapata karibu bilioni 3, na ngozi zake zikijumlishwa zinafika mita ya mraba 0.86. Unaweza kutandika mswala juu yake. Kusaga, ukiondoa majina yote ya mashine, ni kutengeneza ngozi, na kila ngozi mpya ni mahali ambapo hewa na maji vinaweza kugusa.

Pairaiti ya McArthur River haikuhitaji kinu kuwa na ngozi kubwa. Ilizaliwa hivyo. Wakati mgodi ulikuwa wa chini ya ardhi, mwamba usio na faida ulitoka kidogo. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 uligeuzwa kuwa wa shimo la wazi, na ili shimo lipate nafasi, mto wenyewe ulichepushwa kilomita 5.5, jambo ambalo wenyeji wa asili wa eneo hilo, wakiwemo Gudanji na Yanyuwa, walilipinga hadi mahakamani. Shimo la wazi maana yake ni mlima wa mawe yasiyosagwa, yaliyorundikwa pembeni, na sehemu kubwa zaidi ya ilivyodhaniwa mwanzo ilikuwa na ile pairaiti ya punje ndogo.

Hewa ikaingia katikati ya mawe, mvua ikaingia, pairaiti ikaanza kuungana na oksijeni na kutoa joto, joto likachochea zaidi. Mwaka 2014 rundo lilikuwa linafuka moshi wa dioksidi ya salfa unaoonekana kwa macho. Ikabidi wawe wanachimbua sehemu zinazowaka, wanazitandaza zipoe, na kuzifunika kwa udongo wa mfinyanzi ili hewa isipite, kazi inayokwenda tabaka kwa tabaka kadiri rundo linavyopanda.

Jiwe hilo liliigomea bolimili kwa miaka 40 kwa sababu punje zake ni ndogo mno. Kwenye rundo, kwa sababu hiyohiyo, halikuhitaji hata kiberiti.